Iko Pemba Nyingine Angani

Ndugu msomaji, Jumamosi moja ya mwezi wa Januari umeme ulikatika mtaani kwetu, na kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi za Dar es Salaam wakati wa joto, sote tulitoka tukatandika jamvi uani. Mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Bibi, na ambaye alikuwa amekuja kututembelea kutoka Wete, alijinyoosha chali akaanza kumwonyesha binti yangu nyota. Alimwonyesha kile kishada kiitwacho Kilimia, akamweleza kuwa baba yake mzazi, aliyekuwa mkulima, hakushika jembe mpaka awe amekitazama kimekaa upande gani wa mbingu. Binti yangu yuko darasa la tano, na hupenda kuuliza mpaka mtu achoke. Akanigeukia: "Baba, nani aliyezipa nyota majina? Na mbona hakuna yenye jina la kwetu?"

Nikamjibu kuwa habari ya nyota ni ndefu, ila kama ni majina ya kwetu, yako mengi huko juu kuliko anavyodhani. Mbali kupita Mirihi inazunguka sayari ndogo iitwayo Mombasa. Iko nyingine iitwayo Tanga. Iko Ruvuma. Na iko Pemba.

Bibi, aliyekuwa amekwisha fumba macho, aliinuka akaketi.

"Pemba ipi?"

"Pemba yenu, Mama. Hiyo hiyo ya karafuu."

"Na huyo aliyelichukua jina letu, mwanangu, alimwuliza nani?"

Sikuwa na jibu usiku ule. Niliyoyapata baadaye, kwa kupekua vitabu na orodha za wanafalaki, ndiyo ninayokuletea leo, ili nawe uyatazame upate kuamua kama swali la mama mkwe wangu lilikuwa la haki.

Kati ya njia ya Mirihi na njia ya Mshtarii upo ukanda mpana ambamo mawe yasiyo na idadi hulizunguka jua. Makubwa yana upana wa mamia ya kilomita. Madogo ni kama kokoto. Ijapokuwa ni mengi kiasi hicho, yote yakikusanywa pamoja uzito wake hauifikii hata sehemu ya kumi ya uzito wa Mwezi wetu. Wataalamu huyaita asteroidi. Wengine husema sayari ndogo, na jina hilo ndilo nitakalolitumia, kwa kuwa zinalizunguka jua kama dunia yetu inavyolizunguka, ila ni ndogo.

Ya kwanza ilionekana usiku wa tarehe 1 Januari, 1801, katika mji wa Palermo, kisiwani Sicily. Aliyeiona ni padri Mkatoliki aliyeitwa Giuseppe Piazzi, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika orodha ya nyota. Aliona nyota moja ambayo kila usiku ilikuwa imesogea kidogo kutoka mahali alipoiacha. Nyota za kawaida hazifanyi hivyo. Akaifuata kwa majuma kadhaa, kisha akaugua, na alipopona ilikuwa imekwisha jificha katika mwanga wa jua. Ingepotea kabisa lau si kijana mmoja wa Kijerumani wa miaka 24, Carl Friedrich Gauss, ambaye kwa hesabu tupu, kalamu na karatasi, alionyesha mahali itakapotokea tena. Mwisho wa mwaka huohuo wanafalaki wakaitafuta hapo, wakaiona.

Padri Piazzi aliipa jina la Ceres Ferdinandea. Ceres alikuwa mungu wa kike wa nafaka katika dini ya Warumi wa kale, ambaye Sicily ilihesabiwa kuwa nchi yake. Na Ferdinand alikuwa mfalme aliyekuwa akitawala Sicily na kumlipa Padri mshahara wake. Wanafalaki wa nchi nyingine walilikubali jina la mungu, wakalikataa la mfalme. Tangu siku hiyo ya kwanza kabisa, basi, jambo la kuzipa sayari hizi majina lilikuwa na ugomvi ndani yake.

Zikafuata Pallas mwaka 1802, Juno mwaka 1804 na Vesta mwaka 1807. Kisha kimya cha miaka 38, mpaka watu wakaamini kuwa zimekwisha. Aliyekivunja kimya hicho hakuwa mwanachuoni. Alikuwa mtumishi wa posta aliyestaafu, Karl Ludwig Hencke, aliyekaa katika mji mdogo wa Driesen akiitazama mbingu usiku baada ya usiku kwa muda wa miaka 15. Mwaka 1845 akapata ya tano. Mimi humpenda sana mzee huyu, ndugu msomaji, na kila nisikiapo mtu akisema kuwa mtu akistaafu ameisha, humkumbuka.

Ugomvi mkubwa zaidi ulizuka mwaka 1850. Mwingereza John Russell Hind, akiwa London, alipata sayari ndogo ya kumi na mbili, akaiita Victoria. Wamarekani wakang'aka. Desturi, walisema, ni kutumia majina ya miungu ya kale, na wala si ya malkia aliye hai. Wakawa wanaiita Clio katika maandishi yao. Waliomtetea Hind walijibu kuwa Victoria lilikuwa pia jina la mungu wa ushindi wa Warumi, kwa hiyo desturi haikuvunjwa. Hoja hiyo ilikuwa ya kijanja, na ilishinda. Miaka minane baadaye Mwingereza mwingine, John Hanning Speke, alifika Mwanza, akalitazama ziwa ambalo watu wa upande wa kusini waliliita Nyanza, na ambalo Waganda waliliita Nalubaale, naye akaliandika kwa jina la malkia yule yule. Kwa ajili ya jiwe la angani wataalamu wa mabara mawili waligombana. Wenye ziwa hawakuulizwa.

Niruhusu sasa niruke miaka mingi. Mpaka mwaka 1891 sayari hizi zilitafutwa kwa jicho tu, mtu akilinganisha alichokiona darubinini na ramani aliyoichora mwenyewe. Mwaka huo Mjerumani Max Wolf, wa Heidelberg, alitumia kamera. Darubini ikifuata nyota kwa saa kadhaa, nyota huandikika katika bamba la kioo kama nukta, bali sayari ndogo, kwa kuwa inasogea, huacha mstari mfupi. Ya kwanza aliyoipata kwa njia hiyo aliiita Brucia, kwa heshima ya bibi mmoja tajiri wa New York, Catherine Wolfe Bruce, aliyemchangia dola 10,000 za kununulia darubini. Naam, kumbe jina la mbinguni laweza kuwa pia njia ya kusema ahsante kwa mfadhili.

Hapo ndipo tunapofika Afrika.

Mjini Johannesburg, juu ya kilima, palikuwa na kituo cha falaki kilichoitwa Union Observatory. Mkuu wake wa kwanza, Robert Innes, ndiye aliyetangaza mwaka 1915 nyota iitwayo Proxima, ambayo hata leo haijapatikana nyingine iliyo karibu nasi kuliko hiyo, ukiacha jua letu. Kituo kilikuwa na darubini ya picha iliyotolewa na Mwingereza John Franklin-Adams, yenye uwezo wa kupiga picha ya eneo kubwa la mbingu kwa mara moja. Mwishoni mwa miaka ya 1920 aliingia kazini hapo kijana mmoja, Cyril Jackson. Alizaliwa Uingereza mwaka 1903, akapelekwa Afrika Kusini angali mtoto wa miaka minane. Katika maisha yake alivumbua sayari ndogo 72, na nyota zenye mkia tatu zina jina lake.

Ukizitazama tarehe za uvumbuzi wake utaona jambo la ajabu: nyingi ni za Mei, Juni, Julai na Agosti. Sababu si bahati. Sayari ndogo huonekana vizuri zaidi zinapokuwa upande wa mbingu ulio kinyume cha jua, maana ndipo zinapokuwa karibu nasi na kumulikwa uso mzima. Katika miezi ya Juni na Julai jua liko kaskazini, basi upande wa kinyume ni kusini. Mtu aliye Berlin au London huziona sayari hizo zikitambaa chini karibu na upeo wa macho, katika usiku mfupi usio na giza la kutosha. Aliye Johannesburg huziona utosini, katika usiku mrefu wa kipupwe, ambao kule nyanda za juu huwa hauna wingu na una baridi ya kugandisha maji. Bara letu lilikuwa na dirisha ambalo Ulaya haikuwa nalo, na Jackson alikaa kwenye dirisha hilo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Usiku unapiga picha ya kipande kimoja cha mbingu katika bamba la kioo, kwa muda mrefu, huku darubini ikifuata nyota bila kutikisika. Unapiga tena kipande kile kile baada ya muda. Mchana unayaosha mabamba na kuyatia katika chombo chenye nafasi mbili na jicho moja la kutazamia, ambacho hukuonyesha bamba la kwanza, mara la pili, mara la kwanza, kwa haraka, kama mtu anayepepesa kope. Katika bamba moja kuna maelfu ya nukta. Zote hubaki zimetulia, ila mojawapo huruka huku na huko kama panzi. Hiyo ndiyo uliyokuwa ukiitafuta.

Mama au dada anayesoma ukurasa huu anajua kazi hiyo bila kuambiwa. Ni kazi ya kuchambua mchele ungoni wakati jiwe limefanana na punje kwa rangi na kwa ukubwa. Tofauti ni kwamba mchele wa Jackson haukuwa na mwisho, na jiwe lake lilikuwa likitembea. Kwa siku moja sayari ndogo ya ukandani husogea mbinguni kiasi cha nusu ya upana wa mwezi mpevu, na siku nyingine hupungua.

Hivyo ndivyo ilivyopatikana Kenya, mwezi wa Juni 1933, na Uganda mwezi huohuo. Kabla yao, Juni 1930, Jackson pamoja na mkuu wake Harry Edwin Wood walikuwa wamepata ile ambayo leo inaitwa Tanga. Ruanda ilipatikana Mei 1935. Lakini mwaka wa neema ulikuwa 1937. Mwezi wa Mei alipata Ruvuma. Usiku wa tarehe 2 Julai akapata Pemba. Usiku wa tarehe 5 Julai akapata mbili, Somalia na Mombasa. Kabla ya mwezi kwisha akapata Luanda, na Agosti ilipoanza akapata Ethiopia. Ukizisoma namba zake kwa mfuatano, kuanzia 1427 hadi 1432, ni kama msafiri anayetaja vituo vyake: Ruvuma, Mombasa, Pemba, Somalia, Luanda, Ethiopia.

Usidhani hata hivyo kwamba asubuhi ya tarehe 6 Julai Jackson aliamka akatangaza, "Nimeipata Mombasa." Jina huja mwisho. Kwanza sayari hupewa alama ya muda. Ya Mombasa ilikuwa 1937 NO: mwaka wa uvumbuzi, kisha herufi N ambayo ni ya nusu ya kwanza ya Julai, kisha herufi nyingine inayoonyesha zamu yake katika nusu mwezi hiyo. Baadaye hutazamwa tena na tena, hesabu zikafanywa, mpaka njia yake ijulikane kwa hakika kiasi kwamba haiwezi kupotea. Hapo hupewa namba ya kudumu. Siku hizo waliozitoa walikuwa Berlin, na baada ya vita kazi hiyo ilihamia Marekani. Namba ikishatoka, ndipo aliyeivumbua anaporuhusiwa kupendekeza jina, na kuandika maneno machache ya kulieleza. Maelezo ya Mombasa ni mafupi mno: ni bandari ya Kenya. Ya Pemba ni kwamba ni kisiwa cha pwani ya Afrika Mashariki.

Nilipomsomea Bibi maelezo hayo alicheka. "Basi?" akasema. "Kisiwa kizima, na maneno yenyewe ni hayo tu?"

Mimi nilijaribu kumtetea Jackson, na sina haya kukiri hivyo mbele yako, ndugu msomaji. Angeweza kuyatumia majina ya wake za rafiki zake, kama wengi wa Ulaya walivyofanya mpaka orodha ikajaa majina ya mabibi wasiojulikana na mtu. Angeweza kuwasifu matajiri. Badala yake aliichukua ramani ya bara alilolelewa akaisambaza mbinguni: mito, bandari, visiwa, makabila. Iko Limpopo. Iko Khama, kwa heshima ya mtawala wa Wabechuana. Hayo aliyafanya katika nchi ambayo Mwafrika hakuruhusiwa kuishi alipotaka wala kutembea bila pasi. Sisemi kwamba alikuwa mpigania haki. Sina ushahidi wa hilo, na katika orodha yake yumo pia Botha. Nasema tu kwamba majina ya kwetu aliyaona kuwa yanafaa kukaa pamoja na ya miungu wa Warumi.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa mfano. Mtoto, alisema, hupewa jina na wazazi wake, na hakuna wa kuwapinga. Lakini ukitaka kumpa mwanao jina la babu wa nyumba nyingine, hupiti kimya. Unakwenda, unabisha hodi, unasema: tumejaliwa mtoto, na tumempa jina la mzee wenu. Hawatakukatalia. Watafurahi, na pengine watamletea mtoto nguo. Ila ukikaa kimya, siku watakaposikia watajiona wamechukuliwa kitu, hata kama nia yako ilikuwa kuwaheshimu.

Nimelifikiri neno hilo kwa siku nyingi, na naona alinishinda. Jackson hakukosa kwa kulichagua jina. Kilichokosekana ni hodi. Tazama matokeo yake: karibu miaka tisini imepita, na sijawahi kukutana na mtu wa Pemba aliyeijua Pemba ya angani, wala mtu wa Tanga aliyeijua ya kwake. Mimi mwenyewe niliifahamu kwa kubahatisha, nilipokuwa nikitafuta jambo lingine. Vitabu vya shule hutaja Ceres, na Ceres ni mungu wa watu wengine.

Kuna na upande mwingine wa jambo hili. Jina la mbinguni likishakubaliwa halibadilishwi kwa urahisi. Mwaka 1931 Jackson alipata sayari ndogo akaiita Rhodesia, kwa jina la nchi zilizokuwa chini ya Waingereza. Zambia ikajitawala mwaka 1964. Zimbabwe ikapata uhuru wake mwaka 1980, baada ya vita na damu nyingi. Duniani jina lile limefutwa katika ramani na katika vibao vya barabara, lakini namba 1197 ingali Rhodesia, na itaendelea kulizunguka jua kwa jina hilo. Ruanda nayo ingali imeandikwa kwa herufi za zama za wakoloni. Wapo watakaosema kuwa hayo ni mambo madogo, ni mawe tu. Pengine. Lakini waliokataa jina la Mfalme Ferdinand hawakuliona kuwa jambo dogo.

Sasa niseme machache juu ya mawe yenyewe, maana binti yangu alitaka kujua ipi ni kubwa. Mombasa ya angani ni nyeusi tititi kama makaa, na upana wake ni kiasi cha kilomita hamsini. Hulizunguka jua mara moja katika muda wa miaka mitano kasoro kidogo, kwa umbali ambao ni karibu mara tatu ya umbali wetu na jua. Pemba ni ndogo zaidi kwa mbali. Hapo kuna kichekesho. Kisiwa cha Mombasa cha duniani ni kidogo, urefu wake ni kiasi cha kilomita tano tu, wakati kisiwa cha Pemba kina urefu wa zaidi ya kilomita sitini. Angani mambo yamegeuka: Mombasa imekuwa jitu na Pemba imekuwa mtoto. Bibi hakulipenda hilo hata kidogo, akasema kuwa ni lazima huyo bwana aliyachanganya mabamba yake.

Hakuna hata moja kati ya hizo uwezayo kuiona kwa macho matupu. Katika sayari ndogo zote za ukandani ni Vesta peke yake ambayo mara chache, penye giza kamili na mtu akijua mahali pa kutazama, huonekana bila darubini, kama nyota hafifu.

Union Observatory ilibadilishwa jina mwaka 1961 ikaitwa Republic Observatory, na mwaka 1971 ikafungwa. Mji ulikuwa umekua ukaizunguka, na taa zake zikaliua giza. Jackson alifariki mwaka 1988. Iko sayari ndogo yenye jina lake, namba 2193, iliyovumbuliwa mwaka 1926 na Wood, mkuu wake wa zamani, katika kituo kile kile.

Leo kazi ya kuchambua ungo hufanywa na mashine. Mwaka 2025 darubini mpya iitwayo Vera Rubin, iliyojengwa juu ya mlima katika nchi ya Chile, ilitoa picha zake za kwanza, na katika picha za muda wa saa kumi tu kompyuta zake zilipata sayari ndogo 2,104 ambazo hazikuwa zikijulikana. Linganisha na 72 za maisha mazima ya Jackson. Sayari ndogo zilizokwisha pewa namba zimepita laki saba. Zenye majina ni elfu ishirini na kitu. Zilizobaki hazina jina, zina namba tu kama magari.

Majina hupitishwa na kamati ya chama cha wanafalaki wa dunia nzima. Mvumbuzi ana haki ya kupendekeza jina kwa miaka kumi tangu sayari ipewe namba. Jina lisizidi herufi kumi na sita, lisiwe la biashara, wala lisiwe tusi kwa mtu. Na wanasiasa na wakuu wa majeshi hawaruhusiwi mpaka iwe imepita miaka mia moja tangu wafe. Kanuni hii ya mwisho naisifu kwa moyo wote. Ingekuwapo mwaka 1850, Bwana Hind angalinyamaza.

Na hodi ya Bibi? Imeanza kubishwa, ijapokuwa si kwa sayari hizi. Mwaka 2019 chama hicho kiliigawia kila nchi iliyojiunga na mpango wake nyota moja ya mbali yenye sayari yake, wananchi wenyewe wapendekeze majina. Majirani zetu wa Kenya waliiita nyota yao Kalausi, neno la Kijaluo lenye maana ya upepo mkali wa kuzunguka, na sayari yake Buru, yaani vumbi. Aidha wanafunzi wa shule katika nchi mbalimbali hupelekewa picha za mbingu ili wazitafute sayari ndogo kwa kompyuta, kazi ile ile ya panzi anayeruka, na wapo watoto waliokwisha pata.

Habari hiyo ndiyo iliyomkaa binti yangu moyoni. Nyuma ya daftari lake la hesabu ameanza orodha ya majina, kwa ajili ya siku atakayovumbua ya kwake. La kwanza ni Wete, kwa amri ya Bibi. La pili alitaka liwe jina la paka wetu, nami nimemwambia kuwa hilo atakwenda kuliuliza kwenye kamati. Kwa sasa tunatafuta darubini ya kuazima, na tumekubaliana kwamba usiku umeme utakapokatika tena tutaanza na Vesta, kama itakuwa juu.